Nasaha kwa Wenye Nyumba: Ridhaa ya Mtoto si Ridhaa



Mwezi huu twataka kulizungumza jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona, na lisemwalo kwa kunong'ona aghalabu hufahamika nusu. Nalo ni sheria ya serikali isemayo kwamba mtu asiyetimiza umri fulani hana ridhaa katika mambo ya mwili. Yaani hata akisema "nimekubali", kukubali kwake hakumwondolei hatia yule mkubwa aliyemwendea.

Juu ya sheria hii husikika barazani maswali matatu. La kwanza: sisi Waislamu, ambao kwetu zina ni haramu kwa mkubwa na mdogo, tuna haja gani na sheria ya umri? La pili: dini yamhesabu aliyebaleghe kuwa mtu mzima, mbona serikali yangoja mpaka miaka 18? La tatu: je, ni haki kijana kutiwa kifungoni miaka mingi kwa jambo ambalo wawili walipatana? Maswali haya si ya ubaya, na yastahili jawabu.

Lakini kabla ya kujibu, tujue kwanza sheria yenyewe yasemaje, kwani wengi huilaumu bila ya kuijua. Katika Tanzania Bara, mwaka 1998 Bunge lilitunga sheria ya makosa ya kujamiiana, ikaingizwa katika Kanuni ya Adhabu. Kwa sheria hiyo, mwanamume akimwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni kubaka, akiwa msichana amekubali au hakukubali; na adhabu yake ni kifungo cha maisha au kisichopungua miaka 30. Mtoto akiwa chini ya miaka 10, adhabu ni kifungo cha maisha. Katika Kenya, sheria ya mwaka 2006 imepanga daraja: mtoto wa miaka 11 au chini yake, kifungo cha maisha, wa miaka 12 hadi 15, kisichopungua miaka 20, wa miaka 16 na 17, kisichopungua miaka 15. Na Zanzibar, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 imemhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18.

Sasa tuliangalie swali la kwanza. Ni kweli, na hapana Mwislamu asiyejua, kwamba zina ni haramu, na kukubaliana kwa wawili hakuihalalishi. Lakini tusichanganye mambo mawili. Watu wazima wawili wakizini, wote wawili ni wenye dhambi. Mtu mzima akimchukua mtoto, hapo pana dhalimu mmoja na mdhulumiwa mmoja. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba kalamu ya kuandika makosa imeondolewa kwa mtoto mpaka abaleghe, kama ilivyoondolewa kwa aliyelala na kwa mwenda wazimu. Basi twawezaje sisi kuishika kalamu ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka chini, tukamwandikia mtoto aibu na huku yule mkubwa tunamwamkia "shikamoo" njiani?

Wala sheria ya umri haisemi kwamba aliyetimiza miaka 18 ameruhusiwa kuzini. Yeye na Mola wake na hesabu yake. Sheria yasema jambo dogo zaidi, na la lazima zaidi: kabla ya umri ule, dola itasimama mbele ya mtoto kama ukuta.

Na maana ya ukuta huo si ngeni kwetu. Hebu tufikiri mtoto wa miaka 12 ametoka na cherehani ya mamaye, akaipeleka dukani, akauza kwa shilingi elfu tano. Mama akienda kuidai, mwenye duka akajibu, "Mwanao aliniuzia kwa ridhaa yake," ni nani mtaani atakayempa haki? Hata watoto watamcheka. Na katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, wanavyuoni wamesema wazi kwamba biashara ya mtoto asiyebaleghe haisihi. Basi ikiwa ridhaa ya mtoto haitoshi kuuza cherehani, itatoshaje kutoa mwili wake, ambao ukiisha kuharibiwa hauuzwi dukani mwingine?

Haja ya ukuta huo yaonekana kila siku. Anayemharibu mtoto mara nyingi si jitu la msituni. Ni mtu anayejulikana: mwenye duka anayezidisha peremende, mwenye bodaboda anayempa lifti ya kwenda shule na sahani ya chipsi jioni, jamaa anayelala sebuleni, mkubwa anayemnunulia simu. Mtoto hukubali kwa sababu ametishwa, au amehongwa, au amemwamini, au hakujua analolikubali. Kuliita jambo hili mapatano ni kuyadhulumu maneno yenyewe.

Swali la pili ndilo lenye uzito kwa watu wa dini, nasi tulijibu kwa utulivu. Kubaleghe kwa madhehebu yetu hujulikana kwa ndoto kwa mvulana, kwa hedhi kwa msichana, au kwa kutimiza miaka 15 ya mwezi mwandamo, ambayo kwa hesabu ya jua ni kiasi cha miaka 14 na nusu. Hapo huanza faradhi za sala na saumu. Lakini Imam Abu Hanifa yeye alisema umri wa mwisho wa kungojea dalili ni miaka 18 kwa mvulana na 17 kwa msichana. Twaona basi kwamba tangu zamani maimamu wenyewe walihitilafiana katika hesabu ya miaka, na hakuna aliyemtoa mwenziwe katika dini.

Tena kubaleghe si mwisho wa safari. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 6, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) amewaamuru walezi wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na wasiwakabidhi mali zao mpaka waone kwao uongofu wa akili, ambao wanavyuoni huuita rushdi. Tazameni hekima yake: mwili kukomaa ni jambo moja, na akili kukomaa ni jambo jingine, na la pili lapimwa kwa kujaribiwa. Yatima aliyevunja ungo jana haachiwi shamba lake la minazi leo. Je, aachiwe aolewe, azae, na alee, na huku bado aulizwa kama ameoga?

Wako watakaosema, "Bibi zetu waliolewa wadogo na wakaishi." Waliishi walioishi, waliokufa kwa uzazi hawapo barazani kusimulia. Waganga wanatueleza kwamba msichana ambaye nyonga yake haijakomaa akishikwa na uchungu wa kuzaa, huweza kukaa siku mbili au tatu bila ya mtoto kutoka, na akinusurika huweza kupata fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au choo bila ya kizuizi. Wanawake wa namna hiyo wanatibiwa mpaka leo katika hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, na kwingineko; na wengi wao kabla ya kufika hospitali wameisha kuachwa na waume. Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kudhuriana. Na mafakihi wa kale, hata walipoisihisha akdi ya mdogo, waliitenga akdi na kumkabidhi mke kwa mume. Wakasema asikabidhiwe mpaka aweze kustahimili bila ya madhara. Basi madhara ndiyo mizani, na sisi leo twayajua madhara hayo kuliko walivyoyajua wao.

Tena iko khabari ya ridhaa ya mwanamwali mwenyewe. Imepokewa katika hadithi zilizo sahihi kwamba mwanamwali huombwa idhini yake katika kuolewa, na mjane ana haki zaidi juu ya nafsi yake, na kwamba Khansaa binti Khidham, ambaye alikuwa amekwisha kuolewa kabla, alipoozwa na babaye bila ya kutaka, Mtume (S.A.W.) aliivunja ndoa ile. Ni kweli kwamba katika madhehebu yetu baba ana uwalii wa kumwoza binti yake bikira; lakini wanavyuoni wakaufunga uwalii huo kwa masharti, kama kufu na kutokuwapo uadui baina ya baba na binti, na wakasema ni sunna kumtaka idhini. Nauliza: idhini ya nani hiyo, ikiwa mwenye kuulizwa hajui anaulizwa nini?

Na mtu asidhani kwamba kuweka umri wa ndoa ni jambo la Wazungu tu. Mwaka 1917 dola ya Kiislamu ya Uthmania ilitoa sheria ya familia iliyoweka miaka 18 kwa mwanamume na 17 kwa mwanamke, na chini ya hapo mpaka kwa ruhusa ya kadhi. Nayo ilishika kauli ya Ibn Shubruma na Abu Bakr al-Asamm, wanavyuoni wa kale waliokataa mdogo kuozwa kabla ya kubaleghe. Misri iliweka umri mwaka 1923, ikaupandisha kuwa miaka 18 mwaka 2008. Moroko iliweka miaka 18 katika Mudawwana ya mwaka 2004, na kumwachia hakimu mlango wa udhuru. Mtawala ana haki ya kukizuia kilicho mubaha kwa ajili ya maslaha ya raia. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alimwandikia Hudhaifa amwache mke wake wa Kiyahudi, na huku akijua kwamba kumwoa si haramu, aliogopa madhara yatakayowafika Waislamu. Lililoruhusiwa si lililolazimishwa, na kulichelewesha si kulikanusha.

Nao Wazungu wenyewe hawakuzaliwa na sheria hii. Uingereza mwaka 1275 iliweka miaka 12. Mwaka 1875 ikawa 13. Na mwaka 1885, baada ya gazeti moja la London kufichua jinsi wasichana wa kimaskini walivyokuwa wakiuzwa, ikawa 16. Katika Bara Hindi umri ulikuwa miaka 10, mpaka akafa mtoto mmoja wa Calcutta mikononi mwa mume aliye mtu mzima. Mume yule hakuweza kushtakiwa kwa kubaka, kwa kuwa mtoto alikuwa amepita miaka 10, akafungwa mwaka mmoja kwa kosa jingine. Mwaka 1891 ndipo sheria ikapandishwa kuwa miaka 12. Kila umma umejifunza jambo hili kwa machozi ya binti zake. Hakuna haja na sisi tungoje ya kwetu.

Hapa kwetu nako pamekuwa na tundu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, na 14 kwa ruhusa ya korti, na huku mvulana akitakiwa awe na miaka 18. Kwa hiyo sheria ya mwaka 1998 ikamtoa katika hatia ya kubaka mwanamume ambaye msichana yule wa miaka 15 ni mke wake. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vya ndoa vinapingana na Katiba, kwa kuwa vinambagua mtoto wa kike. Serikali ikakata rufani, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani hiyo, na kuacha amri ya kwamba sheria irekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Katika kesi ile mila na dini zilitajwa kuwa sababu ya kuviacha vifungu vile. Hapo ndipo roho yaniuma. Dini iliyokuja ikakuta watoto wa kike wanazikwa hai, ikawatoa kaburini, haifai leo kutajwa kuwa ngao ya anayewakatiza utoto wao.

Sasa tuje kwenye swali la tatu, la haki. Hapa napenda niseme pande zote mbili, maana uadilifu hauna upande mmoja.

Kwa mtu mzima, sioni dhuluma yoyote. Wapo wasemao, "Alikuwa na umbo kubwa." Umbo si umri, uliza. Sheria ya Kenya imemwachia nafasi ya kujitetea aliyedanganywa na mtoto kuhusu umri, lakini kwa sharti aonyeshe kwamba alifanya juhudi ya kuujua. Wapo wasemao, "Ameisha kuvunja ungo." Nimekwisha kueleza kwamba ungo si akili. Wapo wasemao, "Wazazi walipokea posa." Posa ya wazazi haiwezi kuwa ridhaa ya mtoto, na mahari ni haki ya mke, si bei ya kununulia kimya cha babaye.

Lakini kwa kijana wa miaka 17 au 18 na msichana wa miaka 16, waliopotezana wote wawili, jambo ni jingine. Wote wamekosa mbele ya Mwenyezi Mungu, na wote bado wanahitaji kulelewa. Sheria ya Tanzania imeliona hilo, ikasema kwamba mvulana wa miaka 18 au chini yake, likiwa ni kosa lake la kwanza, adhabu yake ni viboko tu. Aliyepita umri huo kidogo hana nafuu hiyo. Katika Kenya, mwaka 2019 majaji wa Mahakama ya Rufani walisema kwamba magereza yana vijana wengi waliofungwa miaka mingi kwa mambo ya namna hii, wakataka taifa lizungumze kama umri wa ridhaa ushuke kuwa miaka 16. Mimi sioni kwamba dawa ni kuushusha ukuta, kwani ukishushwa kwa ajili ya kijana wa miaka 18, utarukwa na mzee wa miaka 50. Dawa iliyo karibu na haki ni hakimu kupewa nafasi ya kutazama tofauti ya umri baina ya wawili, na kumtofautisha mtoto aliyekosea na mkubwa aliyewinda. Uadilifu wetu wamjua anayestahili adhabu, na wajua pia kipimo chake.

Iko dhuluma nyingine katika jambo hili, nayo haiko katika kitabu cha sheria. Iko majumbani mwetu. Mwenye fedha humaliza mambo kwa bahasha, na asiye nacho huenda gerezani. Jamaa hukutana usiku, wakasema, "Tusijivue nguo mbele ya watu," wakatoza faini ya mbuzi wawili, au, lililo baya zaidi, wakamwoza mtoto kwa yule yule aliyemharibu, wakaita sitara. Hii si sitara. Ni kumkabidhi mwanakondoo kwa fisi na kumwandikia hati. Mficha maradhi kilio humfichua. Mwenyezi Mungu ametuamuru, katika Surat An-Nisaa aya ya 135, tusimamishe uadilifu hata ikiwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa wa karibu, awe tajiri au maskini. Hakusema: isipokuwa shemeji.

Wengine hujizuia kushtaki kwa kusema, "Dini yataka mashahidi wanne." Mashahidi wanne ni sharti ya kuthibitisha hadi ya zina. Mtoto anayesema "nimedhulumiwa" hamsingizii mtu zina. Analalamika, na mwenye kudhulumiwa ana ruhusa ya kupaza sauti. Na korti zetu zaweza kulikubali neno la mtoto peke yake, hakimu akiridhika kwamba anasema kweli. Pamoja na hayo, kusingizia ni dhambi kubwa. Kwa hiyo tuwaachie wenye kazi wachunguze, sisi tusihukumu barazani.

Basi yatupasa tufanye nini? Likitokea, mtoto asikemewe wala asiulizwe maswali mia. Asiogeshwe, wala nguo zake zisifuliwe, kabla ya kuonwa na daktari. Apelekwe hospitali upesi, kwani dawa ya kukinga Ukimwi hufaa kabla ya kupita saa 72. Taarifa ipelekwe polisi, ambako katika Tanzania liko Dawati la Jinsia na Watoto na hutolewa fomu ya PF3. Na namba 116 hupigwa bure kwa ajili ya mtoto, Tanzania na Kenya. Na kabla halijatokea, mama amfundishe mtoto kwamba mwili wake ni amana, na kwamba siri asiyotaka mkubwa aijue mamaye ndiyo ya kumwambia mamaye kwanza.

Wala sitawasaza waalimu wenzangu wa vyuoni. Sisi tumeaminiwa zaidi, basi tutazamwe zaidi. Mwalimu asikae faraghani na mwanafunzi, asimtume chumbani kwake, wala asione vibaya mzazi akija kuchungulia darasa. Chuo chenye mlango wazi hakipungukiwi na baraka.

Nanyi vijana wa kiume: msiogope sheria tu, mwogopeni aliyeziumba mbingu. Mwenye kuweza kuoa na aoe aliyekomaa mwili na akili, kwa ridhaa yake, na asiyeweza, Mtume (S.A.W.) amemwelekeza kwenye saumu. Nanyi mabinti: anayekupenda kwa kweli hataona tabu kungoja mpaka umalize shule, na asiyeweza kungoja hakuja kwa ajili yako.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wachungaji wema wa aliotukabidhi, awaponye watoto waliodhulumiwa, na atupe ujasiri wa kusema haki hata ikiwa juu yetu. Amin.